Nataka kuona kinda la korongo kiotoni: niende Hispania au kwingine Ulaya ya kusini?

Mwalimu wa Chimala

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari moja huku Mbarali, mkoa wa Mbeya. Naomba ushauri wa safari, na naomba mnisome mpaka mwisho, maana sitafuti fukwe wala makumbusho.

Kila mwaka mvua zikishakolea, korongo weupe wanatua kwenye majaruba ya Usangu. Wapo Desemba, wapo Januari, na ikifika Machi wanaanza kupungua mpaka siku moja unaamka hayupo hata mmoja. Mwezi wa pili mwaka huu nilikaa kwenye tuta la jaruba na wanafunzi kumi na wanne wa klabu yetu ya ndege, tukipokezana darubini moja. Korongo mmoja alikuwa kama hatua thelathini kutoka tulipo. Mwili mweupe, mbawa nyeusi kwa nyuma, mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva. Miguu nayo ni myekundu, ila ilionekana kama imepakwa chokaa. Nikawaeleza watoto kwamba jua likiwaka hujinyea miguuni makusudi, yale majimaji yakikauka yanampoza. Alikuwa anaokota vyura: anamdaka, anamrusha kidogo hewani, anammeza. Muda wote ule hakutoa sauti.

Msichana mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Mwalimu, mbona hatujawahi kuona kinda lao?" Nikamwambia wanazalia Ulaya. Akauliza tena, "Wewe umewaona huko?"

Sijawaona. Nimefundisha habari za uhamaji wa ndege miaka kumi na moja kwa kuchora mishale ubaoni.

Sasa Mungu amefungua mlango. Dada yangu anafanya kazi Madrid na amenialika likizo ya Juni. Nina siku 12 na shilingi milioni saba nilizodunduliza kwenye SACCOS, nauli ikiwemo. Malazi kwa dada ni bure. Nimesoma kwamba Hispania watu huenda Extremadura kwa tai na tumbusi, Doñana kwa heroe, na Tarifa, kule kwenye ncha ya kusini, kuangalia ndege wakivuka bahari. Wengine wanasifia kisiwa cha Lesvos, Ugiriki. Nichague wapi? Na swali ambalo ndilo linaninyima usingizi: nikikaa siku zote Hispania, nitawaona hawa hawa wa Usangu wakiwa viotoni?

Neema wa Gangilonga

Kaka mwalimu, pole na hongera. Mimi ni mwenyeji wa Iringa, nilisoma uuguzi na baadaye nikakaa Cáceres, huko huko Extremadura, miaka miwili na nusu. Si mtaalamu wa ndege, nakwambia nilichokiona kwa macho yangu.

Nenda Malpartida de Cáceres, mji mdogo tu karibu na Cáceres. Korongo wamejenga juu ya kanisa, juu ya nguzo za umeme, kila mahali. Halafu nje kidogo ya mji kuna eneo linaitwa Los Barruecos. Siku ya kwanza kufika pale nilisimama nikashikwa na hamu ya nyumbani. Ni mawe, kaka. Mawe makubwa ya mviringo yamelaliana kando ya maji, utadhani umesimama kwenye jiwe la Gangilonga unaiangalia Iringa mjini. Na juu ya kila jiwe kubwa kuna kiota cha korongo, rundo la vijiti lenye upana wa kitanda cha mtoto. Mji ule umepewa heshima ya kuitwa kijiji cha korongo cha Ulaya.

Jambo moja ulizingatie: joto. Sisi wa nyanda za juu hatulijui joto lile. Juni linaanza kuwa kali, na kiangazi kikikolea linapita nyuzi 40. Tembea alfajiri, saa tano uwe umeshaingia ndani, utoke tena jioni. Kutoka Madrid kuna basi na kuna gari moshi mpaka Cáceres.

Ukipata nafasi pitia na Monfragüe, ni hifadhi ya taifa tangu 2007. Kuna genge kubwa juu ya mto, unasimama upande wa pili na tumbusi wanapita chini ya miguu yako, unawaona mgongoni.

Mpiga picha wa Igumbilo

Mkuu, likizo yako imeshakukatia mambo mawili. Lesvos ni Aprili na mwanzo wa Mei, ndege wanapotua kwenye mabwawa ya chumvi ya Kalloni wakiwa wamechoka kutoka Afrika. Juni wengi wameshapita. Tarifa nayo ni Agosti na Septemba, wakati wa kushuka kusini. Ukienda Juni utaona bahari na upepo, ndege wachache. Usipoteze nauli. Juni ni mwezi wa viota.

Mstaafu wa Tungamalenga

Hujambo mwalimu. Mimi ni mstaafu wa hifadhi, nimemalizia utumishi wangu Ruaha na bonde la Usangu. Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, na jibu lake ni hapana. Wa Hispania si wa Usangu.

Korongo ni ndege mzito, hawezi kupiga mbawa safari nzima. Anangoja ardhi ipate moto, anapanda na hewa ya joto inayopaa, anazunguka nayo mpaka anakuwa nukta, halafu anatandaza mbawa anateleza mpaka akute hewa nyingine inayopaa. Juu ya bahari hewa hiyo hakuna ya kumtosha. Kwa hiyo Mediterania haikatishi, anaizunguka, na kuna pande mbili za kuzungukia. Korongo wa magharibi, yaani Hispania, Ureno, Ufaransa, wanavukia Gibraltar ambapo maji ni kilomita 14 tu, wanakatisha Moroko na Sahara, wanaishia Senegal, Mali na nchi za jirani. Wa mashariki wanavukia Bosphorus pale Istanbul, wanashuka Uturuki, wanapita Israeli na Sinai, wanaufuata mto Nile mpaka Sudan, kisha ndipo wanaingia Afrika Mashariki. Wengine wanaunganisha mpaka Afrika Kusini. Hao ndio wanaokula vyura wa majaruba yenu.

Na wa Hispania wengi siku hizi hawasafiri kabisa. Wamezoea madampo ya taka, na mashamba ya mpunga yenye kamba wekundu walioletwa kutoka Marekani. Chakula kipo mwaka mzima, safari ya nini?

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Mwaka 2013 nilikuwa Ubaruku, tumetoka kwenye doria, nikamwona korongo mwenye pete ya namba mguuni, juu ya goti. Nilimfuata kwenye matope karibu saa nzima, nikisogea akisogea, mpaka nikaisoma ile namba kwa darubini, herufi moja moja, nikaiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Nikaituma kwa barua pepe kwa wanaokusanya habari za pete. Wiki tatu baadaye likaja jibu: alivishwa akiwa kinda kiotoni, Poland. Nilimpigia mke wangu simu usiku ule kumweleza, na akaniuliza kama nimeshakula.

Nikupe na jingine ukawafundishe watoto. Zamani Wazungu wenyewe hawakujua korongo wanakwenda wapi baridi ikiingia. Wengine waliamini wanalala chini ya maji. Mwaka 1822, kaskazini mwa Ujerumani, karibu na mji wa Klütz, alipatikana korongo mwenye mkuki umemtoboa shingo na yeye mzima anaruka. Ule mkuki una urefu wa sentimita 80 hivi, na ulikuwa wa Afrika ya kati. Mtu wa huku alimchoma, akaponyoka, akaruka nao mpaka kwao. Wamemkausha, yuko kwenye Chuo Kikuu cha Rostock mpaka leo, mkuki wake shingoni. Ushahidi wa kwanza wa kushikika kwa mkono ulitoka kwetu.

Sasa ushauri. Kama unataka korongo tu, msikilize dada Neema. Kama unataka *wako*, nenda mashariki. Kuna Belozem, Bulgaria, karibu na Plovdiv. Lakini mimi ningekwenda Croatia, kijiji kinaitwa Čigoč, tamka "Chigoch". Ndicho cha kwanza kabisa kupewa jina la kijiji cha korongo cha Ulaya, mwaka 1994. Nyumba zake ni za mbao za mwaloni, na viota viko juu ya mapaa ya nyumba watu wanamoishi. Kijiji kiko ukingoni mwa mbuga za Lonjsko Polje. Mto Sava ukijaa unamwagika kwenye malisho, maji yanakaa, yanapungua, ng'ombe na farasi wanarudi kula majani mabichi, na korongo wanafuata nyuma yao wakiokota vyura na panzi. Ukisimama pale utaielewa Usangu. Ni maisha yale yale, mto unaofurika na ng'ombe na ndege, ila wao wameacha mto ufurike.

Kwa Juni, makinda yatakuwa makubwa yamesimama kiotoni, bado hayajaruka. Yanaanza kuruka Julai, na kuelekea mwisho wa Agosti kijiji kinabaki kitupu.

Mwalimu wa Chimala

Shikamoo mzee. Nimesoma jibu lako mara tatu, mara ya tatu nikiwa ofisini na mwalimu wa baiolojia amesimama nyuma yangu anasoma naye. Nilikuwa nimeshamwambia dada akate tiketi ya basi la Cáceres.

Sasa naona ugumu wa pili. Mwaliko ni wa Hispania, kitanda cha bure kiko Hispania, lakini korongo wangu wako Croatia. Je, nitahitaji viza mbili? Na hicho kijiji kinafikika bila gari?

Binti Sanga, Mwanjelwa

Kaka, viza ni moja. Croatia imeingia Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Januari 2023, na inatumia euro tangu siku hiyo hiyo. Bulgaria nayo imeingia, mipaka yake ya nchi kavu ilifunguliwa Januari 2025. Nafanya kazi ya kuandaa safari hapa Mbeya, na kosa ninaloliona kwa watu ni kusahau hili: maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mwaliko wako ni wa Hispania, basi Hispania iwe na siku nyingi kuliko Croatia, na ratiba iandikwe hivyo hivyo wazi, na nafasi ya kulala Croatia uwe umeshaiweka. Ukiomba Hispania huku ratiba inaonyesha siku tisa Croatia, watakurudishia.

Ada ni euro 90, hairudishwi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla, lakini wewe usisubiri, peleka mapema maana Juni kila mtu anasafiri. Barua ya mwajiri inayosema una likizo na unarudi kazini ina nguvu sana. Taarifa ya benki ya miezi mitatu. Hela zikiwa SACCOS, omba taarifa yenye mhuri, na hamishia kiasi benki mapema ili zisionekane zimeingia jana. Nimeona mwalimu mmoja akinyimwa kwa jambo hilo tu, akalia hapa ofisini kwangu, na kila kitu kingine alikuwa nacho.

Kijiji: kutoka Zagreb kuna gari moshi mpaka mji wa Sisak, kama kilomita 57. Kutoka Sisak mpaka Čigoč ni kilomita 28 hivi, na hapo ndipo usafiri unakuwa wa shida. Muulize mwenye nyumba ya wageni kama anaweza kukufuata. Ardhi ya huko ni tambarare, watu wanapita kwa baiskeli.

Mtu wa Matamba

Mwalimu, mimi sina la Ulaya. Naomba tu ukirudi uwapandishe watoto hao barabara ya kona hamsini na saba mpaka hifadhi ya Kitulo. Kule juu tuna mbayuwayu wa bluu, huyu anazalia kwetu wakati wa mvua halafu anahamia Uganda na Kenya. Na tandawala anatembea kwenye nyasi kama mzee anakagua shamba. Kinda la ndege mhamaji wanaweza kuliona hapo hapo, bila viza. Niko tayari kuwapokea, chai na viazi vipo.

Mwalimu wa Chimala

Ndugu wa Matamba, nimelipokea, na nitalifanya. Nitawaleta, kwa kosta, mvua zikianza.

Wakuu, nimeamua. Siku saba Hispania, siku tano Croatia. Hispania nitakwenda Alcalá de Henares, dada anasema ni safari fupi tu ya gari moshi kutoka Madrid na minara ya mji wa kale imejaa viota. Siku mbili Malpartida, nikaone Gangilonga ya dada Neema. Monfragüe naiacha, ingawa imeniuma. Halafu naruka Zagreb, naenda Čigoč, na siku zote nne zitakazobaki nakaa hapo hapo kijijini. Sitaki kukimbia huku na huko. Nataka kukaa chini ya kiota kimoja asubuhi mpaka jioni, nihesabu mara ngapi wanaleta chakula, kama tunavyofanya na watoto kwenye tuta la jaruba.

Nimekopa kinasa sauti kwa mchungaji. Nimesoma kwamba korongo hana sauti ya kooni, lakini kiotoni mwenzake akitua anarudisha kichwa mpaka kigusane na mgongo, anagonganisha mdomo kwa haraka, mlio kama wa vijiti viwili vikavu. Sisi huku hatujawahi kuusikia. Nataka darasa liusikie.

Nimewaomba wanakikundi waandike maswali ya kwenda nayo. La kwanza, kutoka kwa msichana yule yule: kinda lina mdomo wa rangi gani?

Mstaafu wa Tungamalenga

Mweusi, mwalimu. Kinda kiotoni lina mdomo mweusi, wekundu unakuja taratibu jinsi linavyokua. Mpaka anapofika kwetu mara ya kwanza, mdomo umeshakuwa mwekundu uliofifia, na ncha bado ina weusi. Mkubwa wake mdomo ni mwekundu mpaka mwisho.

Kwa hiyo mwambie binti yule kwamba yamkini ameshawaona. Vijana wa mwaka ule ule huondoka Ulaya hata kabla ya wazazi wao, na wengine hawarudi mwaka unaofuata, wanabaki Afrika mpaka wakomae. Mtazame mdomo tu.

Mwalimu wa Chimala

Mzee, nimefungua picha tulizopiga Desemba kwa simu ya ofisi, tukiwa tumeibana kwenye darubini. Korongo saba, majaruba ya upande wa Igurusi. Nimeikuza picha mpaka ikaanza kuvunjikavunjika. Wa tatu kutoka kushoto, ncha ya mdomo ni nyeusi. Na wa mwisho kabisa, aliyegeuza shingo, naye hivyo hivyo.

Kesho ni Jumatatu. Naichapisha kubwa, naibandika ubaoni kabla hawajaingia.